Mchanga wa uwanja wa farasi Mwanza: tathmini ya aina nne zinazouzwa kwa lori

Jiji la Mwanza limekaa juu ya graniti, na ndiyo maana mchanga haujawahi kuwa bidhaa adimu hapa. Asubuhi yoyote ya kiangazi, katika barabara ya Musoma na ile ya Shinyanga, malori hupishana yakiwa yamebeba mchanga, kokoto na moramu, na kila dereva atakuapia kwamba mzigo wake ni safi kuliko wa wenzake. Kwa kazi ya nyumba huenda anasema kweli. Uwanja wa kupandia farasi, hata hivyo, una masharti yake, na mchanga ambao fundi mwashi angeupokea kwa mikono miwili unaweza kumtia kilema mnyama wa kilo 450 anayekata kona kwa kasi. Nimeandika tathmini hii kwa ajili yetu wachache tunaofuga farasi Kanda ya Ziwa, kwa sababu mambo haya ni nadra kuyakuta yameelezwa kwa Kiswahili, na kano ya farasi ikishachanika haiponi ikarudi kama ilivyokuwa.

Aina ninazozipima hapa ni nne: mchanga wa ziwani, vumbi la kokoto linalotoka machimboni, mchanga wa korongo unaochotwa katika mito ya msimu, na mchanga wa shimo. Zote nimezitumia au kuzijaribu katika uwanja wa mita 20 kwa 40 ulioko pembezoni mwa jiji, ambao hutumiwa na watoto wanaojifunza kupanda na pia na farasi wakubwa wanaozoezwa kuruka vizuizi vifupi. Nitasema mapema kwamba uliofaa zaidi ni mchanga wa korongo, tena ule wa karibu na vilima, ukishachekechwa na kuoshwa. Lakini sababu zake zina manufaa kwa mnunuzi kuliko jina lake, kwa kuwa korongo moja halifanani na jingine, na anayenunua kwa jina tu atauziwa chochote kilichopo.

Inafaa kwanza kuelewa mguu wa farasi unafanya nini unapokutana na ardhi. Ukwato unapotua huteleza mbele kidogo kabla ya kusimama, kisha uzito wa mwili hushuka juu yake, na mwisho ncha ya ukwato hujichimbia ili kuusukuma mwili mbele. Farasi anapokwenda shoti, mguu mmoja hupokea kwa muda mfupi sana nguvu inayofikia takribani mara mbili na nusu ya uzito wa mnyama mzima. Mwaka 2014 Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, lilitoa waraka wa kitaalamu kuhusu nyuso za viwanja, na ndani yake mna mambo matano ya kuangalia: ugumu wa uso pale ukwato unapogusa, uwezo wa tabaka la chini kupokea uzito, jinsi ardhi inavyorudisha nguvu mguu unapoinuka, mshiko wa ukwato usiteleze kupita kiasi wala usikwame ghafla, na usawa wa hali hizo zote kutoka kona moja ya uwanja hadi nyingine. Uwanja mgumu hupiga viungo na mifupa iliyomo ndani ya ukwato. Uwanja wenye kina kirefu na ulegevu huzivuta kano za nyuma ya mguu hadi zichoke, kwa sababu kisigino huzama wakati mwili ungali unasukumwa mbele. Kwa maoni yangu uwanja usio na usawa ni mbaya kuliko yote mawili, maana farasi hujifunza kuuamini mguu wake katika hatua kumi, kisha hatua ya kumi na moja ikamsaliti.

Mambo hayo yote matano huamuliwa kwa kiasi kikubwa na umbo la punje, ukubwa wake, na kiasi cha tope kilichochanganyika nazo. Punje ya mviringo iliyosuguliwa ikalainika huteleza juu ya mwenzake kama gololi. Hata ukiongeza mchanga kiasi gani, ukwato utazidi kuzama na kutawanya. Punje yenye kona kali sana hushikana na mwenzake na, ikiwa na vumbi jingi kati yake, hugeuka sakafu. Inayotakiwa ni ile ya katikati, ambayo kona zake zimepunguzwa makali lakini hazijafutika. Kwa ukubwa, nyingi ziwe kati ya milimita 0.1 na milimita 1, na zisiwepo zinazozidi milimita 2 isipokuwa kwa bahati mbaya. Tope na vumbi laini visifikie asilimia 5 ya mzigo.

Nianze na mchanga wa ziwani, ambao wageni huupenda kuliko wote kwa sababu unapendeza machoni. Ni mweupe unaoelekea rangi ya krimu, punje zake zinalingana, hauna tope, na ukiumwaga kutoka mkononi hutiririka bila kuacha alama. Dereva mmoja aliyeniletea sampuli katika ndoo aliniambia, "Mama, huu hata hauhitaji chekeche, mafundi wananigombania." Sifa hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi. Mawimbi ya ziwa huzisukuma punje kwenda na kurudi kwa miaka isiyohesabika mpaka kona zake ziishe, na huzichambua kwa ukubwa mpaka zibaki za kipimo kimoja, kwa hiyo hakuna ndogo za kuziba nafasi zilizo kati ya kubwa. Mchanga wa namna hiyo haushikani. Ulipotandazwa katika kona moja ya uwanja wetu, farasi mtulivu kuliko wote tulionao alianza kufupisha hatua kila alipoikaribia, na alama za kwato zake zilikuwa mashimo yaliyoporomoka kingo, ambayo usingeweza kujua farasi alikuwa anaelekea upande gani.

Una jambo moja jema ambalo wenzetu wa pwani hawana: Ziwa Victoria ni la maji baridi, kwa hiyo mchanga wake hauna chumvi inayokausha kwato na kula vyuma vya matandiko. Lakini jema hilo halitoshi kufidia kasoro zake. Vipande vya makombe na magamba ya konokono vimo ndani yake, na katika fukwe ambako dagaa huanikwa kuna mabaki yanayovuta nzi na harufu. Vijana wanaouchota wakiwa wamesimama majini hujiweka katika hatari ya kichocho, ugonjwa ambao umeota mizizi pembezoni mwa ziwa letu. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo la kulindwa dhidi ya shughuli za kudumu za binadamu na zile zinazoharibu mazingira. Mtu anayekuuzia mchanga wa ufukweni kwa bei ya chini anakuuzia pia ukingo wa ziwa, na mimi siununui. Kama tayari unao uliobaki kwenye ujenzi, utengee farasi sehemu ya kugaragara karibu na banda. Kwa kazi hiyo hauna mpinzani, kwa sababu hukauka upesi na hauchubui ngozi.

Vumbi la kokoto ni habari nyingine kabisa. Linatokana na kusagwa kwa graniti, punje zake ni mpya na zina kona kali, na bei yake ni nafuu kwa kuwa wengi hulihesabu kuwa mabaki. Likiwa limetoka kumwagwa ni zuri kukanyaga, farasi hukaa juu yake kwa uthabiti, na mtu angeweza kudhani kwamba kazi imekwisha. Mvua mbili tatu zikishanyesha na jua likapiga, unga uliomo hujaza kila nafasi na tabaka zima hukaza kiasi kwamba reki huruka juu yake ikitoa mlio. Nimeona ukwato ukiacha juu yake mkwaruzo tu badala ya alama. Hapo uwanja umekuwa barabara.

Lakini kinacholifanya lisifae juu ndicho kinacholifanya lifae chini. Likichanganywa na kokoto ndogo, likamwagiwa maji na kushindiliwa kwa mashine hadi unene wa sentimita 10 hadi 15, linakuwa msingi ambao mchanga wa juu hauwezi kuzama ndani yake na ambao kwato haziwezi kuutoboa. Kwa msingi nalipendekeza bila kusita, mbele ya moramu, maana moramu ya maeneo mengi ya hapa ina udongo mwingi na hulainika masika. Jambo la kuzingatia ni vumbi lenyewe. Graniti ina kwazi nyingi, yale madini magumu yanayofanana na kioo, na vumbi laini la kwazi likiingia mapafuni halitoki; Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi hilo mwaka 1997 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wafanyakazi wanaolitandaza wavae barakoa nzito, lilowanishwe kabla ya kuguswa na beleshi, na lisibaki wazi juu ya uwanja ambako farasi, mpandaji na saisi anayewatunza farasi watalivuta kila siku.

Sasa nifike kwenye mchanga wa korongo, ambao nataka kuueleza kwa kirefu. Mito ya Usukumani mingi ni ya msimu. Hujaa na kukimbia kwa siku chache za mvua, kisha hubaki vitanda vya mchanga vinavyong'aa hadi msimu mwingine. Punje zake zimetoka katika miamba ya graniti ileile tunayoiona ikiwa imebebana vilimani, miamba iliyooza taratibu kwa jua na mvua, na kwa kuwa safari yake kutoka kilimani hadi korongoni ni fupi, punje hizo hazijapata muda wa kusuguliwa zikawa mviringo. Kadiri unavyokwenda chini kuelekea ziwani ndivyo kona zinavyopungua na tope linavyoongezeka. Kwa sababu hiyo swali la kwanza la kumwuliza muuzaji ni mahali hasa mchanga ulipochotwa: karibu na kilima, katikati ya mkondo, au kwenye mbuga ambako mto hutanuka na kutuama.

Chota kiganja kimoja, kisuuze, kikaushe juani, kisha kiangalie karibu na macho. Katika mchanga mzuri wa korongo utaona punje za kwazi zinazopitisha mwanga kama kioo kichafu, na hizo ndizo unazozilipia, kwa kuwa kwazi ni ngumu na haisagiki kirahisi chini ya kwato. Katikati yake kuna punje za feldispa, za waridi au nyeupe isiyopitisha mwanga, ambazo ni ngumu kiasi lakini baada ya muda huoza na kuwa udongo. Halafu kuna ulanga, vile vigamba vyembamba vinavyometameta na kunata kidoleni. Vikiwa vichache havidhuru. Vikiwa vingi kiasi cha kukipaka kiganja mng'ao, mrudishie mwenye mchanga wake, maana ulanga huvunjika upesi, hutoa vumbi jepesi na huufanya uso uteleze unapolowa. Sugua punje hizo kati ya viganja viwili karibu na sikio: mchanga unaotakiwa husikika ukikwaruza, na viganja hubaki na weupe kidogo tu. Ukibaki na rangi ya kahawia inayojaza mistari ya mkono, tope ni jingi.

Kipimo cha pili ni cha chupa. Jaza chupa ya maji ya plastiki angavu mchanga hadi sentimita 10, ongeza maji hadi karibu na mdomo, weka chumvi kidogo ili tope litue upesi, tikisa kwa nguvu, kisha uiache mahali pasipoguswa hadi kesho yake. Punje za mchanga hutua ndani ya dakika moja, tope hufuata kwa saa kadhaa, na udongo laini huning'inia majini muda mrefu kuliko vyote. Tabaka la tope lililoko juu ya mchanga likizidi nusu sentimita, mzigo huo unahitaji kuoshwa kabla haujaingia uwanjani. Hakuna mchanga wa korongo nilioupima hapa ambao haukuhitaji kuoshwa, isipokuwa uliochotwa mara baada ya mafuriko makubwa ambayo yenyewe yalikuwa yameusuuza.

Kasoro yake kubwa ni changarawe. Korongo halichambui kama ziwa linavyochambua, kwa hiyo katika lori moja utakuta punje za unga, punje za kipimo unachotaka, vijiwe vya ukubwa wa harage, mizizi, na wakati mwingine vipande vya chupa. Kijiwe kimoja kikikaa chini ya unyayo wa ukwato huacha mchubuko unaoweza kumfanya farasi achechemee kwa wiki kadhaa. Ni lazima uchekechwe wote, na wavu wa kuku haufai kwa kuwa matundu yake yanapitisha kila kitu. Sisi hutumia wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 2, uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao na kuegemezwa kwa mwinamo, na mchanga hutupwa juu yake kwa beleshi ukiwa mkavu. Unaopita ndio wa uwanja, na changarawe inayobaki hatuitupi, maana ndiyo inayojaza mifereji ya kupitisha maji kandokando. Kazi hii ni ya siku nyingi na ya jasho, na gharama yake ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya mchanga, la sivyo utajikuta unasema mchanga wa korongo ni rahisi kumbe hujamaliza kuulipia.

Baada ya kazi hiyo, matokeo yanaonekana kwa macho. Siku moja baada ya mvua ya wastani, alama ya ukwato katika mchanga huu huwa imechongeka: unaona mzunguko wa ukwato, unaona pembetatu laini ya katikati, na kingo zimesimama bila kupasuka. Kina chake ni kama sentimita 2 hadi 3. Farasi anapokwenda telki, yaani mbio za polepole, unasikia mdundo mzito usio na mwangwi, na mpandaji mwenye uzoefu anahisi mgongo wa mnyama ukilegea, kwa sababu hana haja ya kujihami kwa kila hatua. Watoto wanaoanguka, na wanaanguka, huinuka na mchanga uliolowa kwenye suruali na si mikwaruzo ya magotini.

Mchanga wa shimo sina mengi ya kuusema. Huchimbwa katika udongo mwepesi wa miteremko, ule ambao Wasukuma huuita luseni, una kona nzuri kwa kuwa haujasafiri, lakini umechanganyika na udongo mwekundu au wa kijivu ambao hautoki kwa kuosha mara moja. Kiangazi hutoa vumbi na masika hunata kwenye kwato. Kama umekosa korongo zuri, uoshe mara kadhaa na uutumie. Kama unalo, usijisumbue.

Juu ya vitu vya kuchanganya na mchanga kuna ushauri mwingi unaozunguka, na mwingi umetoka nchi za baridi. Huko Ulaya huchanganya mchanga na nyuzi za plastiki na vipande vya kitambaa kizito ili punje zishikane na unyevu ukae. Hapa watu hupendekeza maranda ya mbao, pumba za mpunga, mabaki ya pamba ya viwandani, na nimewahi kushauriwa kukatakata nyavu chakavu za wavuvi. Maranda huhifadhi unyevu vizuri, lakini katika joto letu huoza kabla ya miaka miwili kuisha na kuwa tope jeusi, na kabla hayajaoza mchwa huyafikia. Pumba za mpunga, ambazo tunazo kwa wingi kutoka Magu na Kwimba, ni nyepesi na upepo wa ziwa huzihamishia kwa jirani. Pamba huoza kama maranda. Nyavu za nailoni nazikataa kabisa, kwa kuwa uzi mmoja mrefu ukijisokota kwenye kifundo cha mguu wa farasi mwenye hofu unaweza kumwangusha pamoja na aliye juu yake. Matairi yaliyosagwa nayo huwa na nyuzi za waya ndani yake, na sijaona hapa yaliyosafishwa kiasi cha kuaminika. Mchanga mzuri ulio na unyevu unaotosha hauhitaji kitu cha ziada.

Hata hivyo mchanga bora juu ya ardhi mbaya ni fedha iliyopotea. Usijenge uwanja juu ya udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba unapolowa na kupasuka nyufa unapokauka, kwa sababu utaupasua msingi wowote utakaoweka. Usijenge pia karibu mno na ziwa kwa sababu ya mandhari, maana mwaka 2020 na tena 2024 sote tuliona maji yalivyopanda na kumeza fukwe. Chagua mteremko mdogo chini ya kilima, ondoa udongo wa juu wenye mizizi, shindilia, weka msingi wa kokoto na vumbi lake, na uupe uso mwinamo wa asilimia 1 hadi 2 kuelekea upande mmoja. Kwa upana wa mita 20, mwinamo wa asilimia 1 ni tofauti ya sentimita 20 kati ya upande na upande. Jicho halioni, lakini maji yanaona. Upande wa juu chimba mfereji wa kuyakinga maji yanayotoka kilimani yasipite uwanjani, kwani mvua moja ya masika inaweza kubeba mchanga ulioulipia ukaishia shambani kwa mtu.

Kuhusu kiasi cha kununua, kina cha sentimita 6 katika uwanja wa mita 20 kwa 40 ni mita za ujazo 48, yaani karibu tani 77 za mchanga mkavu, au tripu 11 za lori la tani 7. Hizo ni baada ya kuchekecha, kwa hiyo agiza zaidi. Usianze na sentimita 10 kwa kudhani kwamba kingi ni bora. Anza na 5, panda farasi, tazama, kisha ongeza sentimita moja moja hadi ufike pale ukwato unapopata ulaini bila kuzama. Kuongeza ni rahisi. Kupunguza tani 20 za mchanga uliokwisha kutandazwa ni adhabu.

Huduma ya wauzaji ndiyo sehemu iliyoniudhi. Muuzaji tuliyekubaliana naye alileta tripu za kwanza kutoka korongo tuliloliona pamoja, mchanga safi wa kupendeza, kisha tripu zilizofuata zikawa na rangi nyingine na harufu ya tope, na nilipouliza nikaambiwa mchanga ni mchanga. Kwa nyumba labda. Kwa uwanja, mchanga wa aina mbili uliotandazwa upande kwa upande ndio ule usawa uliokosekana ambao waraka wa FEI unauhesabu miongoni mwa mambo matano. Tangu hapo hakuna lori linaloshusha kabla ya kuchotwa kiganja kutoka juu, katikati na nyuma ya bodi, na malipo hutolewa tripu kwa tripu. Wapo madereva waliokasirika wakaondoka na mzigo wao. Wapo pia waliotaka kujua ninachotafuta, wakaonyeshwa, na mmoja wao sasa hupiga simu mwenyewe akiwa korongoni kusema kwamba leo mchanga ni mzito wa tope, tusubiri. Mtu wa namna hiyo anastahili nyongeza ya bei, na ninampa. Mwulize pia kila muuzaji kibali chake cha uchimbaji, kwa sababu mchanga wa ujenzi huhesabiwa na sheria kuwa madini, na korongo linalochimbwa ovyo hula mashamba ya watu pande zote mbili.

Baada ya yote hayo uwanja unahitaji maji na reki. Utando mwembamba wa maji unaozizunguka punje ndio unaozishikanisha, na kati ya Juni na Agosti upepo na jua la mchana huuondoa upesi. Kuunyeshea uwanja wa mita 20 kwa 40 milimita 5 tu za maji kunataka lita 4,000, kwa hiyo hesabu za tangi na pampu zifanywe mapema, na umwagiliaji ufanywe jioni ili maji yashuke usiku kucha badala ya kupaa. Kandokando ya ua ambako watoto huzunguka mara nyingi, mchanga husukumwa nje na njia huchimbika hadi msingi. Ufagiliwe kurudi ndani kila wiki. Nyasi za kulisha zisiwekwe juu ya mchanga, kwa kuwa farasi humeza punje pamoja na chakula, zikajikusanya tumboni na kumletea msokoto mkali.

Kwa kupima kina natumia msumari wa nchi sita uliowekwa alama ya rangi kwenye sentimita 5 na 7, nikiuchoma katika kona nne, katikati, na mahali farasi anapotua baada ya kizuizi. Ukigota kwenye msingi kabla alama ya kwanza haijazama, hapo panahitaji kuongezwa mchanga, na uongezwe kutoka korongo lilelile.